Taa ya injini ikiwaka, usikimbilie kumuua mjumbe

UMETOKA Umoja saa kumi na mbili asubuhi. Programu ya teksi imeshakupa mteja wa kwanza, na hapo Jogoo Road kwenye foleni ya kila siku unaona kitu ambacho jana hakikuwepo: taa ndogo ya manjano yenye umbo la injini imewaka kwenye dashibodi. Gari linatembea vizuri. Halitetemeki, halipigi kelele za ajabu. Unajiambia, aah, nitaangalia wikendi.

Wikendi inafika, unapeleka gari gereji ya mtaani. Fundi anafungua boneti, anasikiliza injini kidogo kama daktari, kisha anatoa hukumu: “Boss, hiyo ni oksijeni senso. Leta pesa nikununulie, jioni unachukua gari.” Ukimuuliza amejuaje, anacheka. “Hizi gari ndogo zote husumbua hapo.”

Unalipa. Taa inazimika. Siku tatu baadaye inawaka tena, na pesa zako zimeenda na maji.

Kama hujapitia haya, shukuru. Kama umepitia, pole, lakini kuna somo ndani yake. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Senso ya oksijeni ni mjumbe. Mara nyingi inaleta habari za ugonjwa ulio kwingine, na sisi tunaing’oa na kuweka nyingine ambayo italeta habari zile zile. Lakini pia kuna siku ambapo mjumbe mwenyewe amekufa kweli, na siku hiyo unaweza kumbadilisha kwa mikono yako. Kazi yako ni kujua leo ni siku ipi.

Inanusa moshi

Senso hii ni kidude cha chuma kinachofanana kidogo na plagi, chenye waya nyuma, kilichofungwa kwa thredi kwenye bomba la moshi. Inanusa moshi unaotoka kwenye injini na kuiambia kompyuta ya gari kama kuna oksijeni iliyobaki.

Kwa nini hilo ni muhimu? Kwa sababu injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili kuchoma kilo moja ya petroli barabara. Kwa senso ya kawaida, oksijeni ikibaki nyingi kwenye moshi, maana yake petroli ilikuwa kidogo, na senso hutoa umeme wa karibu volti 0.1. Petroli ikizidi, umeme hupanda hadi karibu volti 0.9. Kompyuta inasoma, inapunguza au inaongeza petroli, kisha inasoma tena. Mchezo huo hauishi mradi injini inanguruma.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Ilitengenezwa na kampuni ya Bosch, na Volvo wakaanza kuiweka kwenye magari yao ya Marekani mwaka 1976. Leo karibu kila gari dogo la petroli unaloliona mjini lina angalau mbili. Ya kwanza iko kabla ya katalisti, kile kidude kama chungu kilicho kwenye bomba la moshi ambacho husafisha gesi zenye sumu. Hii ndiyo inayoamua petroli. Ya pili iko baada ya katalisti, na kazi yake kubwa ni kuchunguza kama katalisti bado inafanya kazi.

Senso ya kwanza ikifa, kompyuta hubaki kukisia, na mara nyingi hukisia kwa kumwaga petroli zaidi. Hapo ndipo unaona mafuta uliyozoea kutumia siku mbili yanaisha kwa siku moja na nusu. Kwa mtu anayeishi kwa kuendesha gari, hiyo ni kodi ya nyumba inayotoka kwa bomba la moshi. Mbaya zaidi, petroli ambayo haikuungua huingia kwenye katalisti na kuichoma polepole, na bei ya katalisti hutaki kuisikia.

Ikipepesa, simama

Kabla hatujaendelea, jua tofauti hii. Taa ikiwaka na kutulia, una muda wa kupanga. Taa ikipepesa huku gari likikwama-kwama, injini inakosa kuwaka vizuri na petroli mbichi inaingia kwenye katalisti. Hiyo si ya kungoja wikendi. Punguza mwendo, tafuta mahali salama, zima.

Uliza msimbo

Taa hiyo haiwaki bure. Kompyuta inapoiwasha, huhifadhi msimbo wa herufi na tarakimu. Chini ya usukani kuna soketi, na kuna vifaa vidogo vya kuchomeka hapo vinavyoongea na simu yako kwa Bluetooth. Kabla ya kununua, omba kukijaribu kwenye gari lako, maana vingine vya bei rahisi havielewani na baadhi ya magari ya Japani. Ama nenda kwa fundi mwenye mashine ya kupima na umwambie akuonyeshe kioo, si akusimulie.

Hii hapa misimbo unayoweza kukutana nayo:

P0135 inamaanisha hita iliyo ndani ya senso ya kwanza haifanyi kazi. Senso hufanya kazi ikiwa moto sana, takriban nyuzi 300 kwenda juu, ndiyo maana imewekewa hita. P0141 ni habari hiyo hiyo kwa senso ya pili. Hapa senso huenda imekufa kweli, lakini angalia fyuzi na waya kwanza. Itakuuma sana kununua senso kumbe shida ilikuwa fyuzi.

P0133 inasema senso ya kwanza inajibu polepole, imezeeka. Senso zenye hita huweza kudumu kilomita 160,000 hivi, na gari la mtumba huenda lilishakula nusu ya hizo kabla halijafika Mombasa.

P0171 inasema hewa imezidi petroli. Hapa ndipo watu wengi huliwa pesa. Senso inasema ukweli! Tafuta mpira wa hewa uliopasuka, kipimo cha hewa kilichochafuka, au pampu ya petroli iliyochoka. Angalia pia kama bomba la moshi linavuja kabla ya senso, kwa sababu hewa ya nje ikiingia hapo, mjumbe anadanganywa naye anapeleka uongo bila kujua.

P0420 inasema katalisti haisafishi inavyotakiwa. Wengi hubadilisha senso ya pili kwa sababu ni rahisi kuliko katalisti. Mara nyingi msimbo hurudi.

Ukiwa na simu, angalia pia mchoro wa volti injini ikiwa moto. Senso ya kwanza ya kawaida huchora mstari unaopanda na kushuka bila kupumzika. Ya pili, katalisti ikiwa nzima, hutulia. Ya kwanza ikilala kama mtu wa baada ya chakula cha mchana, hapo una sababu ya kuishuku.

Kununua bila kuumizwa

Sasa umethibitisha imekufa. Usiende Kirinyaga Road kusema tu “nipe oksijeni senso ya Vitz”. Nenda na namba ya spea. Kwa Toyota, senso ya kawaida ya oksijeni huwa na namba inayoanza na 89465, ilhali ile ya kupima uwiano wa hewa na petroli, ambayo modeli nyingi huwa nayo mbele, huanza na 89467. Zinafanana kwa sura lakini hazibadilishani. Ukiweka moja mahali pa nyingine, taa itakucheka.

Senso ya mtumba ni bahati nasibu. Huwezi kuona kwa macho imebakisha maisha kiasi gani. Na mpya yenye bei ya kushangaza nayo ikushangaze; chunguza maandishi na soketi yake ukilinganisha na ya zamani kabla hujatoa pesa.

Kazi yenyewe

Egesha mahali tambarare. Ikiwa lazima uingie chini, inua gari kwa jeki kisha uliweke juu ya stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee, hata kwa dakika moja, hata kama jirani yako hufanya hivyo kila Jumapili.

Bomba la moshi likitoka barabarani linaunguza vibaya. Acha lipoe hadi libaki na uvuguvugu tu, kwa sababu chuma chenye joto kidogo huachia rahisi kuliko kilichopoa kabisa. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye thredi, usubiri dakika 15. Toa waya hasi wa betri.

Anza na soketi ya waya. Bonyeza kile kikufuli cha plastiki, usivute waya. Halafu chukua spana ya 22, ambayo ndiyo hutoshea senso nyingi, au ile soketi maalumu yenye mkato ubavuni wa kupitisha waya. Zungusha kinyume cha saa. Ikigoma, usishindane nayo. Rudisha mbele kidogo, legeza kidogo, ongeza mafuta, subiri. Ukiharibu thredi za manifoldi, kazi ya nusu saa itakuwa ya siku mbili na ya fundi wa kuchomelea.

Weka mpya na ya zamani kando kwa kando. Thredi, urefu wa waya, soketi: vyote vifanane. Senso nyingi mpya huja na grisi maalumu ya kuzuia kukwama kwenye thredi. Isiguse ncha, na wewe usiishike ncha. Ikikuanguka sakafuni, ndani yake kuna kauri inayoweza kupasuka bila wewe kuona.

Ingiza kwa vidole kwanza, mizunguko kadhaa, mpaka uhakikishe haijaingia upande. Ndipo ukaze kwa spana. Kwa nyingi ni kama Nm 40, yaani imara lakini bila kuning’inia kwenye spana. Pitisha waya mbali na bomba la moshi, uunganishe soketi, rudisha betri, kisha ufute msimbo. Endesha siku kadhaa kabla hujapiga vigelegele, maana kompyuta huhitaji muda wa kujifunza upya.

Isome iliyokufa

Usiitupe ile ya zamani kabla hujaiangalia ncha. Masizi meusi makavu yanasema petroli ilikuwa inazidi. Ukoko unaong’aa wa mafuta unasema injini inakula oili. Unga mweupe mara nyingi hutokana na silikoni, ile gundi ya gasketi ambayo mafundi wengine huipaka kama siagi kwa mkate, au na maji ya rejeta yanayovuja ndani ya injini. Kama kilichoiua ya kwanza bado kipo, hata hii mpya umeinunulia kaburi.

Njia za mkato

Kuna watakaokuambia toa balbu ya dashibodi yaishe. Siku injini itakapokuwa na shida kubwa, utakuwa umejiziba macho mwenyewe. Wengine watajitolea kutoboa katalisti, “gari lipumue”, na kwa ukarimu wakuondolee hayo “makapi” yaliyo ndani. Makapi hayo yana platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei ghali. Wewe unabaki na gari linalonuka na kumwaga sumu kwenye foleni ile ile ambayo watoto wa shule wanasubiria matatu. Wao wanabaki na mali.

Hakuna anayesema usiende kwa fundi. Mafundi wa jua kali ndio wameweka nusu ya magari ya nchi hii barabarani, na wako wengi ambao watakuonyesha msimbo hata kabla hujauliza. Ila mara ijayo mtu akikuambia ulete pesa ya senso, usibishane naye. Muulize tu: “Fundi, msimbo unasema nini?”

Akikuonyesha, mmeanza kazi pamoja. Akianza kukuambia hizi gari ndogo zote husumbua hapo, funga boneti na uondoke polepole.