Uzi: Kuua wanyama ili ndege warudi. Nani anaamua, nani analipa?

Mjadala wa wanyamapori ukifika kwenye jukwaa la siasa huku kwetu, husikii ila maneno mawili: fidia na fensi. Tembo ameharibu shamba, nani analipa? Mbuga itawekewa fensi lini? Leo hebu tuangalie fensi moja iliyojengwa kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Iko Wellington, mji mkuu wa New Zealand.

Hifadhi inaitwa Zealandia. Ni bonde la hekta 225 ndani ya jiji, mahali palipokuwa na mabwawa ya maji ya wakazi. Fensi ya kulizunguka ilikamilika 1999: kilomita 8.6, kimo mita 2.2. Matundu ya waya ni madogo mno, juu kuna kofia ya chuma ili paka akiparamia ateleze, na chini waya umefukiwa ili asipite mwenye kuchimba. Yaani haizuii wanyama kutoka. Inazuia wanyama kuingia.

Kwa nini? New Zealand haikuwa na mamalia wa nchi kavu isipokuwa popo. Ndege wakazoea maisha hayo, wengine wakaacha hata kuruka, wakataga chini. Kisha watu wakaja, na panya, na paka, na posamu kutoka Australia kwa biashara ya manyoya.

Halafu kuna stouti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Huyu ni somo la sera peke yake. Sungura walioletwa na walowezi walikuwa wanamaliza malisho ya kondoo, wafugaji wakalalamika, na miaka ya 1880 stouti wakaletwa wawale sungura. Wataalamu wa ndege walionya mapema. Hawakusikizwa. Wafugaji walikuwa na sauti serikalini, ndege hawana kura. Stouti wakagundua kwamba mayai na makinda ni rahisi kuliko kufukuza sungura.

Basi Zealandia ikawaondoa wote ndani ya fensi, isipokuwa panya wadogo ambao hadi leo wanapunguzwa tu. Mwaka 2000 wakarudishwa kiwi wadogo wenye madoa. Mwaka 2002 kākā, kasuku mkubwa wa msituni. Mwaka 2005 tuatara, anayefanana na mjusi lakini si mjusi.

Imefaulu? Ndio, na hapo ndipo siasa ilipoanza. Kākā walizaana wakaruka nje ya fensi hadi bustani za watu, ambako kuna paka. Swali likatoka hifadhini likaingia sebuleni: serikali ya jiji ina haki ya kukuamulia kuhusu paka wako? Na bili? Kuna miaka wageni walikuwa wachache kuliko ilivyotabiriwa, na halmashauri ya jiji ikalazimika kuingilia kati.

Mwaka 2016 serikali kuu ikatangaza lengo la kumaliza panya wakubwa, posamu na stouti nchi nzima ifikapo 2050. Mwaka 2025 ikaamua kuifunga kampuni iliyoundwa kusukuma kazi hiyo, majukumu yakapelekwa kwenye idara ya uhifadhi. Lengo lilibaki. Ukisikia ahadi ya miaka 34, uliza bajeti ya mwaka wa 9.

Sasa, kuna watu watasema tuige. Polepole. Huku chui na simba ni wenyeji, hatuwezi kuita hifadhi nzuri ile isiyo na wanyama wawindaji. Lakini tunaye stouti wetu: kunguru wa India. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 asaidie kula taka, akaenea pwani yote. Mombasa, Malindi, Watamu, anakula mayai na makinda ya ndege wa hapa. Mwaka 2024 KWS ilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja kabla mwaka kwisha, na mabishano yakawa yote ni sumu: ni salama, si salama, ni ukatili.

Swali la sumu ni halali. Ila kunguru haishi kwa mayai tu, anaishi kwa jalala. Ukimuua na kuacha taka, umemwandalia mwenzake meza. Na hapa ndipo katiba ya 2010 inamwacha katikati: Jedwali la Nne linaipa serikali ya kitaifa ulinzi wa wanyamapori, linazipa kaunti uzoaji wa taka. Ndege ni wa Nairobi, pipa ni la gavana.

Kwa hiyo mgombea wa ugavana pwani akikwambia kunguru ni kazi ya KWS, muulize lori la taka linapita mtaani kwenu mara ngapi kwa wiki.