Monark: Kiwanda Kilicholipatia Jasho Kipimo

Kwa Waswidi wengi, Monark ni jina la baiskeli ya kwendea kazini na la mopedi, ile baiskeli yenye injini ndogo, ambayo kijana aliruhusiwa kuiendesha akifikisha miaka 15. Kwa wataalamu wa moyo na wa sayansi ya michezo duniani, Monark ni jina la baiskeli isiyotoka mahali ilipo. Bidhaa hizi tatu zimezaliwa na ujuzi mmoja: kupokea nguvu ya mguu, kuipitisha kwenye mnyororo na kuifikisha kwenye gurudumu. Hoja yangu ni kwamba ile ya tatu, isiyomfikisha mtu popote, ndiyo iliyowafaa wanadamu zaidi, kwa sababu ni kipimo ambacho mtumiaji mwenyewe anaweza kukikagua.

Birger Svensson alianzisha kampuni hiyo mwaka 1908 mjini Varberg, pwani ya magharibi ya Uswidi. Nyakati zile baiskeli ilikuwa ikitoka mikononi mwa wenye nafasi na kuwa chombo cha mfanyakazi wa kawaida. Baadaye kampuni iliingia pia kwenye pikipiki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ililiundia jeshi la Uswidi pikipiki iliyoitwa m/42, kwa injini za kampuni ya Albin ya hukohuko nyumbani. Mwaka 1959 Sten Lundin alitwaa ubingwa wa dunia wa motokrosi, daraja la injini za sisi 500, akiendesha Monark.

Hata hivyo, kilichowagusa watu wengi zaidi kilikuwa mopedi, na mlango wake ulifunguliwa na sheria. Kuanzia tarehe 1 Julai 1952, Uswidi iliruhusu chombo cha aina hiyo kutumika bila leseni wala usajili, mradi kiwe na pedali, kisipite kilomita 30 kwa saa, na mwendeshaji awe ametimiza miaka 15. Kiwanda cha baiskeli kilikuwa na karibu kila kilichotakiwa: fremu, rimu, breki na mnyororo. Injini zilinunuliwa kwa watengenezaji wengine, wakiwemo ILO na Sachs wa Ujerumani. Kijana wa shambani ambaye jana alikanyaga pedali hadi mjini, sasa alifika bila kuhema.

Kisha gari likaja na kuwachukua wateja wa baiskeli na wa mopedi kwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Monark iliungana na mshindani wake mkubwa, Nymanbolagen wa Uppsala, waliokuwa wakitengeneza baiskeli za Crescent. Katika miaka ya 1990 chapa hizo ziliingia katika kundi la Cycleurope, pamoja na Bianchi ya Italia na Gitane ya Ufaransa. Viwanda vingi vya baiskeli vya Ulaya vilipita njia hiyohiyo ya kuungana na kununuliwa. Jambo la pekee katika historia ya Monark lilitoka kwenye maabara ya Stockholm.

Wanasayansi walikuwa na tatizo la muda mrefu. Ili ujue moyo na mapafu ya mtu vinaweza nini, lazima umpe kazi ya kiasi kinachojulikana. Kukimbia hakufai sana, kwani kila mtu hukimbia kwa mtindo wake na kwa uzito wake. Juu ya baiskeli, tandiko hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili, na watu hawatofautiani sana katika nguvu wanayopoteza wanapokanyaga. August Krogh wa Denmark alikuwa ameunda baiskeli ya kupimia yenye breki ya umeme tangu mwaka 1913, lakini mitambo ya namna hiyo ilikuwa ghali na ilihitaji fundi wa maabara.

Mwaka 1954 Wilhelm von Döbeln, wa taasisi ya elimu ya viungo ya Stockholm, alieleza muundo mwepesi zaidi, na Monark ikautengeneza kiwandani. Mkanda unazungushwa kwenye gurudumu zito la mbele. Ukiukaza, gurudumu linauburuta, na pendulo iliyounganishwa nao inasogea kwenye mizani na kuonyesha ukubwa wa mvuto huo kwa kilo. Meno ya mnyororo na ukubwa wa gurudumu vimepangwa ili kila mzunguko mmoja wa pedali usogeze ukingo wa gurudumu mita 6.

Kuanzia hapo hesabu inatosha. Mizani ikisoma kilo 2 na mtu akikanyaga mizunguko 50 kwa dakika, ukingo umepita mita 300. Ni sawa na kunyanyua jiwe la kilo 2 hadi urefu wa mita 300 ndani ya dakika moja, yaani takribani wati 100. Ukishuku mizani, unatundika uzito unaoujua na kuangalia kama alama inakubaliana nao.

Mwaka huohuo wa 1954, Per-Olof Åstrand na Irma Ryhming wa taasisi hiyohiyo walichapisha njia ya kukadiria uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni bila kumchosha mtu hadi mwisho. Mpimwaji hukanyaga kwa kazi isiyobadilika kwa muda wa dakika 6 hivi, mapigo ya moyo yakitulia yanasomwa, na jedwali linatoa makadirio. Msingi wake ni kwamba kazi ikiongezeka, mapigo na matumizi ya oksijeni hupanda pamoja. Makadirio hayo yanaweza kukosea kwa asilimia 10 hadi 15, kwa kuwa kikomo cha mapigo hutofautiana kati ya mtu na mtu hata wakiwa na umri mmoja. Lakini mtu yuleyule akipimwa tena baada ya miezi ya mazoezi, mabadiliko yake yanaonekana.

Katika miaka ya 1970, watafiti wa Taasisi ya Wingate nchini Israel walibuni jaribio la sekunde 30 la nguvu za ghafla, na wakalitumia kwenye baiskeli hizi. Kiwango chao cha awali kilikuwa gramu 75 za mvuto kwa kila kilo ya mwili: mwenye kilo 60 anawekewa kilo 4.5 na kukanyaga kwa nguvu zake zote. Leo vifaa vya mazoezi vya Monark vinatengenezwa Vansbro, katika jimbo la Dalarna.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu kumbi za mazoezi sasa zimejaa mashine zinazoonyesha kalori na wati kwenye kioo, na wachache wanauliza tarakimu hizo zimetoka wapi. Kwa chuo cha ualimu wa michezo au kitengo cha viungo hospitalini, mahali ambapo umeme hukatika na fundi yuko mbali, swali la kwanza kabla ya kununua liwe hili: je, sisi wenyewe tunaweza kuthibitisha kinachosomwa? Mgonjwa wa moyo anayeongezewa mazoezi kidogo kidogo anategemea tarakimu hiyo iwe kweli. Mwuzaji asiyeweza kuonyesha jinsi ya kuikagua hastahili fedha za hospitali.