Fomu za Serikali za Kompyuta: Namna ya Kusahihisha Kosa Baada ya Kuhifadhi



Zamani fomu ya serikali ilikuwa karatasi. Karani aliandika kwa kalamu, na alipokosea alikata neno kwa mstari mmoja, akaandika lililo sawa juu yake, akatia sahihi ndogo pembeni. Kosa lilionekana na masahihisho yalionekana. Siku hizi fomu nyingi zinaletwa kwa kompyuta au kwa simu, katika faili la aina ya PDF. Nafasi zake zinajazwa kwenye mashine, kisha faili linahifadhiwa, linachapwa au linatumwa. Kosa likiingia humo linajificha, na wenzetu wengi wanadhani kwamba fomu ikishahifadhiwa haiguswi tena. Wengine wanaiacha na kosa lake. Wengine wanalipa mara ya pili kwenye duka la kuchapa ili waanze upya.

Tunataka kila mwanachama ashike neno hili moja: kuhifadhi si kufunga. Fomu iliyohifadhiwa bado inasahihishwa. Zinazofungwa ni za namna tatu: iliyogeuzwa kuwa picha, iliyotiwa sahihi ya kompyuta, na iliyokwisha kufika ofisini. Hata hizo zina njia yake.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Tuchukue mfano wa akiba ya uzeeni hapa Uganda. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri anaongeza asilimia 10, na fedha zote zinapelekwa katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inamtaka kila mwajiri alipe, hata mwenye mfanyakazi mmoja tu. Sheria hiyo pia inamruhusu mwanachama mwenye miaka 45, aliyeweka akiba kwa miaka 10, kuchukua sehemu isiyozidi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu.

Sasa tazama kosa la tarakimu moja. Mtu amezaliwa mwaka 1979, na karani ameandika 1989. Kwenye karatasi za ofisi mtu huyo amepunguziwa miaka kumi. Haki ambayo ingekuwa mkononi mwake inaonekana iko mbele, na itabidi atembee ofisi hadi ofisi kuthibitisha umri wake mwenyewe. Nauli ni yake, na siku ya kazi inayopotea ni yake.

Makosa mengine ni ya namba ya kitambulisho cha taifa. Namba hiyo ina herufi na tarakimu 14, na kwa raia inaanza na CM akiwa mwanamume, au CF akiwa mwanamke. Ndani yake herufi O na sifuri vinafanana sana, na herufi I na moja vilevile. Wengine wanageuziwa majina: jina la ukoo linaingia mahali pa jina la kupewa. Fomu imeandikwa kwa Kiingereza, mwenye jina anasoma Kiswahili au Luganda au Runyankole, na karani ana haraka.

FOMU YA PDF IMEUNDWAJE

PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe ya Marekani mwaka 1993, ili ukurasa uonekane sawa katika kila mashine. Mwaka 2008 ikawa kanuni ya kimataifa. Fomu ya kujazwa ya namna hii ina sehemu mbili. Chini kuna ukurasa wenyewe: nembo ya serikali, maswali na mistari. Juu yake kuna visanduku, na majibu yetu yanakaa ndani ya visanduku hivyo. Ni kama sahani juu ya meza: chakula kinaondolewa na kingine kinawekwa, meza ikibaki ile ile.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupima kama fomu bado ni hai. Fungua faili, bonyeza juu ya jibu lenye kosa. Ukiona kijistari kinawakawaka ndani ya kisanduku, fomu ni hai. Usipoona kitu, usikate tamaa upesi: programu nyingine, hasa za simu, zinaonyesha tu na hazijazi. Jaribu kuifungua katika kompyuta kwa programu ya kusoma PDF. Ikikataa hapo pia, basi visanduku vimefungwa au vimeondolewa.

KAMA FOMU NI HAI

1. Fanya nakala ya faili kwanza, uipe jina jipya lenye tarehe. Likitokea la kutokea, ile ya kwanza bado ipo.

2. Fungua nakala hiyo kutoka mahali ilipohifadhiwa. Usirudi kwenye ukurasa wa intaneti wa ofisi, kwa sababu huko utaikuta fomu tupu. Hata unapojaza mara ya kwanza, pakua fomu, ifungue ilipohifadhiwa, ndipo uanze kuandika. Wengi wamejaza ndani ya ukurasa wa intaneti, wakahifadhi, na baadaye wakakuta fomu tupu.

3. Futa jibu lote la kosa na uliandike upya. Kubadilisha herufi moja katikati kunaweza kuacha nafasi tupu ambayo jicho halioni, lakini mashine inaiona.

4. Alama ya vema ya mraba inaondolewa kwa kuibonyeza tena. Kiduara cha kuchagua jibu moja kwa kawaida hakiondoki kwa kubonyezwa tena; unabonyeza kile kilicho sahihi, na cha kwanza kinazimika chenyewe.

5. Jihadhari na kitufe cha kufuta fomu nzima. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya, funga faili bila kuhifadhi, kisha lifungue tena. Majibu ya zamani yatakuwapo.

6. Jumla ya fedha inayohesabiwa na fomu yenyewe haisahihishwi mahali pa jumla. Sahihisha mshahara au makato yaliyoandikwa juu, na jumla itafuata.

7. Soma kurasa zote tena. Katika fomu nyingi jina lililoandikwa ukurasa wa kwanza linajiandika lenyewe katika kurasa nyingine. Ukilibadilisha mahali pamoja, linabadilika kote. Lakini fomu nyingine hazikuundwa hivyo, na jina la zamani linabaki ukurasa wa mwisho, karibu na sahihi.

8. Hifadhi, funga, fungua tena, soma. Kisha chapa karatasi moja uisome pia. Inatokea jibu likasahihishwa katika programu moja, na programu nyingine ikaendelea kuonyesha lile la zamani. Ukiona hivyo, rudi katika kompyuta, andika jibu upya na uhifadhi tena.

Kuhusu tarehe, soma maagizo ya kisanduku. Sisi tunaanza na siku, Wamarekani wanaanza na mwezi. Tarehe 3 Agosti ikiandikwa kinyume inakuwa tarehe 8 Machi, na fomu haitalalamika.

Mtu akikuambia kwamba programu yake haiwezi kuhifadhi, huenda anasema kweli. Programu ya bure ya Adobe ya kusoma PDF, kabla ya toleo la mwaka 2012, kwa kawaida iliruhusu kujaza na kuchapa tu, ila pale ambapo ofisi iliyotengeneza fomu iliipa ruhusa ya pekee. Kompyuta kuukuu bado zina programu za namna hiyo. Dawa yake ni kutafuta kompyuta yenye programu mpya.

KAMA FOMU IMEKUWA PICHA

Fomu inakuwa picha kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuichapa na kuipiga picha. Ya pili ni kuichapa ndani ya kompyuta ili litoke faili jingine la PDF. Faili hilo lina sura ya fomu, lakini mara nyingi visanduku vyake vimekwisha kuondolewa, na majibu yameshikamana na ukurasa. Hapo sahihisho ni kurudi kwenye faili la kwanza lenye visanduku. Kwa sababu hiyo faili hai lisifutwe hata baada ya kuchapa. Kama limepotea, pakua fomu tupu ujaze upya.

Wapo wenye maduka wanaoweka kibandiko cheupe juu ya jibu la kosa, wakaandika jipya juu yake. Msikubali. Kwa macho fomu inapendeza, lakini kama visanduku bado vipo, jibu la kwanza limo chini ya kibandiko. Kompyuta ya ofisi ikisoma visanduku, itasoma kosa lile lile. Na afisa akikiona kibandiko, anayeulizwa kama ameghushi hati ni mwenye jina, wala si mwenye duka.

KAMA IMETIWA SAHIHI YA KOMPYUTA

Sahihi ya kalamu inaonyesha nani ametia. Sahihi ya kompyuta inaonyesha pia kwamba tangu itiwe, faili halikubadilishwa. Kwa hiyo ukigusa jibu baada ya sahihi, fomu itakataa, au itaonyesha kwamba sahihi si halali tena. Fomu haijaharibika, hiyo ndiyo kazi ya sahihi. Aliyeitia anaweza kuiondoa kwa kutumia ufunguo wake mwenyewe wa kompyuta, kama hajaitia kwa namna ya kufunga faili moja kwa moja. Kisha kosa linasahihishwa na sahihi inatiwa upya. Akiwa hayupo, rudini kwenye nakala iliyohifadhiwa kabla ya sahihi.

Zipo pia fomu zinazotengeneza alama ya mistari au vitone, ambayo ndani yake mna majibu yote. Wenzetu waliotoka Kongo, wenye jamaa Kanada, wanazifahamu baadhi ya fomu za uhamiaji za nchi hiyo. Zina kitufe cha kuhakiki, na kikibonyezwa alama hiyo inatokea. Ukisahihisha jibu baada ya hapo, lazima ubonyeze kitufe tena ili itoke alama mpya, na ukurasa wa alama ya zamani usitumike. Fomu za aina hii zinataka programu ya Adobe katika kompyuta. Ukizifungua kwa simu, mara nyingi unaona ukurasa mmoja tu unaokuambia ungoje, na ungengoja mpaka jioni.

KAMA IMEKWISHA KUFIKA OFISINI

Hapa kusahihisha faili lililoko kwako hakutoshi, kwa sababu ofisi inayo nakala yake. Wala usitume fomu ya pili kimyakimya, kwani ofisi itakuwa na fomu mbili zinazopingana na haitajua ifuate ipi. Uliza kwanza ofisi hiyo ina utaratibu gani wa masahihisho. Andika barua fupi: fomu gani, ilitumwa tarehe gani, kosa liko mahali gani, na jibu sahihi ni lipi. Ambatanisha fomu iliyosahihishwa na nakala ya kitambulisho. Ukiipeleka kwa mkono, omba nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ukiituma kwa barua ya kompyuta, usiifute.

Kama kosa liko katika kitambulisho chenyewe, kusahihisha fomu peke yake hakutasaidia. Anza na NIRA, mamlaka inayotoa vitambulisho vya taifa, ndipo urudi kwenye fomu.

Na mtu yeyote asiwaambie kwamba kilichoingia katika kompyuta hakitoki. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu inampa kila mtu haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zisahihishwe na yule anayezitunza. Haki hiyo inamhusu pia mwajiri anayeweka majalada yetu.

WAJIBU WA KILA TAWI

Katika mashamba na viwanda vingi fomu zinajazwa na karani wa mwajiri, na mfanyakazi anaitwa kutia sahihi tu. Tunawaomba wawakilishi wa matawi wadai mambo matatu. Kwanza, kabla ya sahihi, mwenye jina asomewe kila kisanduku kwa lugha anayoielewa, akiwa ameshika kitambulisho chake mkononi. Pili, apewe nakala ya fomu iliyojazwa, ya karatasi au katika simu yake. Tatu, faili lenye visanduku lihifadhiwe, ili kosa likionekana baada ya mwezi lisahihishwe kwa dakika tano.

Na mkitumia kompyuta ya duka, futeni faili mkimaliza, mlifute pia katika kapu la takataka la mashine, na mfunge barua zenu. Namba ya kitambulisho si kitu cha kuachiwa mteja anayefuata.

Mwenye jina ndiye awe msomaji wa mwisho wa fomu yake, kwa maana yeye ndiye atakayeulizwa.