Kazi ya Nne ya Darasa la Kwanza: Kiha na Kiswahili katika Shule za Kibondo

Mtoto wa Kibondo aingiapo Darasa la Kwanza mwezi wa Januari huwekewa mbele yake kazi tatu: kusoma, kuandika na kuhesabu. Ndizo KKK zilizotiliwa mkazo na mtaala wa madarasa mawili ya chini ulioanza kutumika mwaka 2015, na mtaala mpya wa mwaka 2024 haukuziondoa. Lakini iko kazi ya nne isiyoandikwa katika ratiba, nayo ni kujifunza lugha yenyewe ambayo kwayo hizo tatu hufundishwa. Katika vijiji vya Kibondo, Kakonko, Kasulu na Buhigwe lugha ya nyumbani ni Kiha. Kiswahili, ambacho baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kilifanywa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule za msingi za umma, kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya pili.

Isidhaniwe kuwa Kiswahili ni mgeni wa jana katika mkoa wa Kigoma. Ujiji ilikisema tangu zama za misafara ya karne ya 19. Milimani kilikwenda polepole zaidi: pamoja na misheni, boma, na wanaume waliorudi kutoka mashamba ya mkonge ya pwani, ambako Waha wengi walifanya kazi ya mkataba wakati wa utawala wa Waingereza. Wanawake na watoto walibaki na Kiha chao.

Kiha ni ndugu wa karibu sana wa Kirundi, na ni jamaa wa Kiswahili katika ukoo wa Kibantu. Ujamaa huu humsaidia mwanafunzi, maana ngeli za majina na upatanisho wa sentensi si jambo geni kwake. Abantu na watu, umwana na mwana, kwandika na kuandika havijifichi. Lakini ujamaa uo huo hudanganya. Kwa Muha, kama kwa Mrundi, umuti ni dawa, na igiti ni mti. Basi mwalimu asemapo mti, sikio la mtoto hupokea dawa. Asemapo kiti, mtoto huona mti, kwa kuwa kiti cha kukalia kwao ni intebe. Guteka ni kupika. Sentensi nyepesi kama “Mama anateka maji” yaweza kusomwa barabara, silabi kwa silabi, na msomaji akawaza jiko wala asiwaze kisima. Mwalimu husikia kwamba amesoma, hasikii alichofahamu.

Jambo la pili ni la matamshi, nalo lastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu huhukumiwa kuwa uzembe hali ni kanuni. Wataalamu huiita sheria ya Dahl, kwa jina la mmisionari Edmund Dahl, ambaye alichunguza Kinyamwezi, lugha ya jirani upande wa mashariki. Katika Kiha na Kirundi, k ya kiambishi hugeuka g ikiwa silabi ifuatayo yaanza na konsonanti isiyo na mvumo wa koo, kama t, k, s au h. Ndiyo maana wenyewe huiita lugha ya Burundi Ikirundi, kwa k, na yao huiita Igiha, kwa g. Tazama basi linalotarajiwa kwa mtoto aliyezoea kanuni hii: kitabu chaweza kumtoka gitabu, na kutembea kukawa gutembea, lakini kulima na kubeba hayaguswi, kwa kuwa l na b zina mvumo. Mwenye kukosa kwa utaratibu namna hii hakosi ovyo. Kumwandikia alama ya kosa mara kumi kwa maneno kumi ni kumwadhibu kwa jambo moja, na jambo hilo laweza kuelezwa kwa somo moja fupi na mwalimu alijuaye. Asipolijua, mtoto huweza kuitwa mzito wa akili kabla muhula haujafika nusu, na jina hilo halimtoki upesi.

Toni na urefu wa vokali, ambavyo katika Kiha hutofautisha maneno, havimsumbui sana msomaji wa Kiswahili, hata vikimwachia lafudhi.

Hesabu nayo ina fundo lake. Mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi zina mizizi ya Kibantu ambayo mtoto huitambua. Sita, saba na tisa zimetoka katika Kiarabu, na hapo ngazi hukatika chini ya mguu wake. Mtu akifunua kamusi za zamani ataona kwamba Kiswahili chenyewe kilikuwa na mtandatu na kenda, na fungate ya maarusi bado hukumbusha siku saba. Mrundi husema gatandatu na icenda. Mtoto wa milimani, kwa jinsi fulani, huleta shuleni kile ambacho pwani ilikiweka kando.

Wilaya hiyo hiyo imetoa kipimo ambacho hakuna aliyekikusudia. Kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena mwaka 2015, watoto wa wakimbizi walifundishwa humo kwa mtaala wa Burundi, ambao huanza kwa Kirundi. Hivyo watoto wawili ambao lugha zao hufahamiana karibu kabisa walianza shule mwendo mfupi mmoja na mwenziwe: mmoja akikutana na herufi katika maneno aliyoyajua tangu kunyonya, mwingine akikutana na herufi na maneno kwa pamoja.