Askofu wa Dover: Askofu Asiye na Jimbo

Huenda mmepata kusikia kwamba jirani zetu Waanglikana wana maaskofu waitwao sufragani. Neno hilo tunalo na sisi, ila kwetu sufragani ni askofu mwenye jimbo lake, aliye chini ya Askofu Mkuu. Kwao ni askofu msaidizi tu. Basi mtu asibishane barazani kabla ya kuuliza maana.

Mfano mzuri ni Dover, mji wa bandari wa Uingereza unaotazamana na Ufaransa. Zamani askofu msaidizi alipewa jina la jimbo la kale lililokwisha toweka, kama ilivyo desturi ya Kanisa Katoliki hata leo. Mwaka 1534, Mfalme Henry wa Nane alipojitenga na Baba Mtakatifu, ilitolewa sheria iliyotaja miji 26 ya Uingereza kwa majina hayo. Askofu mwenye jimbo apeleke majina mawili, mfalme achague moja. Msaidizi huyo hutoa kipaimara, huweka makasisi, huzuru makanisa, lakini kwa idhini ya mwenye jimbo tu.

Wa kwanza wa Dover, mwaka 1537, alikuwa Richard Yngworth, mtawa Mdominiko aliyekuwa mkuu wa nyumba yao ya Kings Langley. Yasikitisha kusema, mwaka uliofuata alitumwa kuzunguka nchi akizifunga nyumba za watawa, hata za Wadominiko wenzake. Sijui moyo wake ulikuwaje alipopokea hati kutoka mikononi mwa ndugu zake.

Richard Rogers alipofariki mwaka 1597, cheo hicho kilikaa bila mtu miaka 273. Kisha Askofu Mkuu Tait wa Canterbury akashikwa na maradhi makali mwaka 1869, akahitaji mtu wa kumshika mkono. Mwaka 1870 akawekwa Edward Parry. Kwa kuwa Askofu Mkuu ana shughuli nyingi London na ng'ambo, kazi ya kila siku ya Canterbury humwangukia wa Dover. Mwaka 2019 aliwekwa Rose Hudson-Wilkin, mzaliwa wa Jamaica, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa askofu katika Kanisa la Uingereza.

Huku kwetu nako Waafrika walianzia kwenye usaidizi. Mei 1955, pale Namirembe, Uganda, Askofu Mkuu Fisher wa Canterbury aliwaweka wanne kuwa maaskofu wasaidizi, wakiwamo Yohana Omari wa Tanganyika, na Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya. Mwaka 1961 hao wawili wa Kenya wakapewa majimbo yao wenyewe, naye Olang' mwaka 1970 akawa Askofu Mkuu.