Treni Haikufika Kakamega Tao, Kwa Hivyo Tunaijengea Mezani: Duka, Mabati na Matope

Kama umekulia Kakamega tao, kuna sauti moja hujawahi kuamshwa nayo: honi ya treni. Makanga wa mat za Kisumu, ndio. Isukuti ya matanga wikendi, ndio. Treni, zii.

Na si eti reli ilikuwa mbali. Ile ya kutoka Mombasa iligusa ziwa pale Kisumu mwaka 1901. Baadaye tawi likatoka Kisumu, likapanda kupitia Maseno, Luanda na Yala, likaishia Butere. Huku juu, laini ya kwenda Uganda ikapitia Lugari na Webuye, ikafika Kampala 1931. Cheki hiyo ramani vizuri. Kaunti ina reli kusini, ina reli kaskazini, halafu makao makuu yenyewe yakarukwa. Na mwaka huo huo wa 1931 dhahabu ikapatikana huku, wazungu wakaja mbio na mahema, na mgodi wa Rosterman ukachimbwa mpaka 1952. Dhahabu yote hiyo na bado hakuna aliyeongeza hizo kilomita chache.

Sasa, duniani kuna wasee ambao shida kama hii wanaimaliza kwa meza. Wanajenga reli ndogo, treni inatembea kwa stima, na kando yake wanajenga tao mzima: duka, barabara, taa, watu. Pale Hamburg, Ujerumani, kuna Miniatur Wunderland, imefunguliwa tangu 2001, na watu wazima wanapanga laini kuona treni za kutoshea kiganjani. Hii kitu si ya watoto. Ni uzee mtamu.

Shida ni moja. Ukiingia mtandaoni kununua nyumba za kupanga kando ya reli, utauziwa kijiji cha Ulaya: paa limesimama kama kofia ya mchawi ili theluji iteremke, chimni, maua dirishani. Weka moja ya hizo Lurambi uone. Itakaa kama mtalii aliyeshuka stage mbaya. Hakuna anayeuza duka ya Kakamega kwa boksi. Lazima uijenge mwenyewe, na habari njema ni kwamba vitu karibu zote unazo kwa keja.

Anza na hesabu, ni rahisi. Skeli inayotumika sana inaitwa HO, yaani 1:87. Sentimita moja mezani ni sentimita 87 huku nje. Mlango wa mita 2.1 unakuwa milimita 24. Msee wa kawaida ni milimita 20. Nduthi ni kama 23, na mat ya abiria 14 haifiki sentimita sita. Barabara ya leni mbili, mita saba, inataka sentimita nane. Andika hizo namba kwa ukuta.

Hapo kwa reli kuna mtego wa kuchekesha. Reli za HO za kawaida ziko na upana wa milimita 16.5. Zidisha na 87, unapata mita 1.435, ambayo ni SGR, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Reli ya zamani, hii ya Butere, ni ya mita moja, kwa hivyo mezani inataka kama milimita 12. Ukinunua ile ya kawaida bila kufikiria, hongera, umefikisha SGR Butere kabla ya serikali. Mimi nilinunua ya kawaida. Ilikuwa nusu bei, na sijuti.

Kabla ushike wembe, toka nje upime. Huhitaji kupanda ukuta wa mtu na tepu. Piga picha jengo ukiwa umesimama katikati, mlango uonekane wote, kisha tumia huo mlango kama rula: jengo ni milango mingapi kwenda juu, mingapi kwenda kando? Ukuta usiopigwa plasta ni rahisi zaidi, hesabu mistari ya mawe, kila mmoja ni inchi tisa. Lakini omba ruhusa. Msee anayepiga picha duka moja mara kumi kutoka kila upande anakaa kama wa kanjo ama mwizi, na hao wote hawapendwi.

Duka zinazofaa kupimwa kwanza ni zile za zamani, za dukawalla, mbele kuna veranda na nguzo, paa la mabati limefichwa na kipande cha ukuta, na juu kabisa jina la mwenyewe na mwaka umechorwa kwa plasta. Nasema kwanza kwa sababu ndizo zinaisha. Kuna moja nilipiga picha ya mbele tu, nikasema upande nitarudi. Nilirudi baada ya miezi kama minne. Ilikuwa imezungushiwa mabati mapya, ndani trakta inapakia mawe, na saa hii ni ghorofa ya vioo vya buluu. Ule upande sitawahi kuujua. Kwa modeli yangu umegusana na duka jirani ili usionekane, na kila nikiuangalia najua nimedanganya.

Turudi kazini. Watu wengi hujenga nyumba kumi halafu wanaanza kutafuta pa kuziweka. Hapana. Barabara kwanza. Chora barabara kwa plaiwudi na penseli, na usiipange sambamba na ukingo wa meza, itakaa kama keki iliyokatwa na rula. Ipindishe kidogo. Kilomita moja ya Kakamega kwa hii skeli ni mita 11 na nusu, na keja yako haina hizo mita, kwa hivyo utachagua: duka saba badala ya thelathini, stage moja, kona moja. Mahali barabara inafika ukutani, ficha mwisho wake. Lori la miwa likiwa limeegeshwa vibaya hapo linafanya kazi safi sana, na hakuna mtu wa Magharibi atauliza linafanya nini hapo.

Kwa lami, msasa mweusi wa kusugua mbao unatosha, lakini usiuache mweusi. Lami yetu ni ya kijivu, imepauka katikati, na kando imeliwa. Sugua jivu la jiko juu yake na kidole. Kula ukingo na kucha, usikate mstari ulionyooka. Kisha mtaro. Tao la huku bila mtaro si tao. Mrija wa soda ukikatwa katikati kwa urefu unakuwa mtaro safi, na mbele ya kila duka weka kipande cha mbao cha kuvukia, maana kila mwenye duka amejijengea daraja lake.

Kuta ni katoni. Si ile nene ya TV. Tumia ile ngumu ya nyuma ya daftari, ina kama milimita moja. Kata milango na madirisha kabla ya kusimamisha ukuta, bandika na gundi ya mbao, na ndani kwa kona weka njiti za kiberiti zishike pembe mraba. Duka za nyuma kabisa hazihitaji vyumba. Mbele na sentimita mbili za paa zinatosha, jicho litajaza.

Sasa mabati, na hapa ndio utatofautisha modeli na boksi ya viatu. Usichore mistari na kalamu. Tafuta bolti ndefu ya M5 kwa duka la hadiwea. Mistari yake iko umbali wa milimita 0.8, ambayo kwa skeli yetu ni sentimita saba, karibu kabisa na mawimbi ya mabati halisi. Chukua foili ya jikoni, ikunje mara mbili, ilaze juu ya bolti, sugua na ukucha ama ufutio, sogeza, sugua tena. Mistari inatokea yenyewe. Mara ya kwanza itapasuka. Ya tatu utaanza kucheka peke yako.

Usiweke paa zima kwa kipande kimoja. Kata vipande vidogo, upana milimita tisa, urefu kama 34, kama vile mabati inauzwa. Anza chini, panda juu, kila kimoja kikilalia kingine kidogo. Kimoja kiwe kimepinda. Viwili viwe vipya, vinang'aa, kwa sababu ndio mwenyewe alipata doo za kubadilisha hizo mbili. Zingine pitisha rangi ya maji ya kahawia nyembamba sana, ikolee pale mabati yanapokutana na pale misumari iko. Kutu huanzia hapo, haitokei katikati kama madoa ya chui. Halafu tupa juu vijiwe vitatu na tairi moja. Unajua ni za nini.

Nilijenga duka langu la kwanza nikafuata haya yote, nikaliweka kwa bodi, na bado lilikaa toy. Nililiangalia wiki mzima. Jibu nililipata nikiwa nimekinga mvua ya saa tisa chini ya veranda, nikitazama ukuta wa ng'ambo. Mvua ya huku inapiga chini, udongo mwekundu unaruka, unashika ukuta mpaka usawa wa goti. Kila jengo Kakamega lina hiyo soksi nyekundu, hata benki. Duka langu lilikuwa limesimama juu ya ardhi. Halikuwa limewahi kunyeshewa.

Kwa hivyo chukua udongo wenyewe, pale nje. Uchuje na kitambaa, ukaange kwa sufuria kuukuu wadudu wafe (mathe asijue ni sufuria gani), na upitishe sumaku juu yake, kwa sababu chembe za chuma zikiingia kwa mota ya treni umelia. Changanya kidogo na maji na tone la gundi, piga kwa brashi ngumu kutoka chini kwenda juu, isizidi milimita sita. Udongo huo huo ndio kando ya barabara yako: paka gundi iliyochanganywa na maji, nyunyiza, tulia mpaka kesho. Ukimaliza, duka lako limekita hapo miaka arobaini.

Miwa na napia ni katani iliyokatwa ikapakwa kijani. Miti ni kijiti na sponji lililochanwachanwa. Usisahau jiwe la Ilesi, lile linalolia, ukutani kama mandhari ya nyuma. Mtu wa huku akiliona anajua barabara inaelekea Kisumu bila kuambiwa. Muliro Gardens pia inaingia, benchi mbili na miti. Ukiweka watu wawili kwa benchi moja, hayo ni yako.

Watu ni nyaya nyembamba za stima zilizokunjwa na kupakwa gundi na rangi. Kwa umbali wa mkono hakuna anayeona sura, anaona tu vile wamesimama. Kwa hivyo wasimamishe kihuku: nduthi tano zimeelekea upande mmoja chini ya mwavuli, mama mboga amekaa chini kuliko meza yake, msee ameegemea mlango wa M-Pesa akingoja ujumbe. Maneno ya kuta yaandike kwa mkono, yasinyooke sana. Taa, weka moja ama mbili tu. LED nyeupe inataka volti tatu hivi. Ukiipa betri ya volti tisa, pitisha rezista ya ohm 1000 kwanza, la sivyo itawaka mara moja na ya mwisho.

Mimi saa hii niko kwa stesheni. Nimenakili muundo wa zile za zamani, paa la mabati, benchi ukutani, na kibao. Vibao vingi vya stesheni za reli ya zamani huandikwa jina na pia urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Changu kina urefu wa sentimita tatu, cheusi, herufi nyeupe. Nimeharibu viwili kwa mkono kutetemeka. Cha tatu kinakauka dirishani, kimeandikwa KAKAMEGA, na chini yake kidogo, futi 5,000 na ushee.