Kwa Nini Taarifa za Redio Hupotea Njiani: Tuliyojifunza Kariakoo



Mvua kubwa za Desemba 2011 zilileta mafuriko yaliyoua watu takriban 40 jijini Dar es Salaam. Bonde la Mto Msimbazi liliathirika vibaya, na baadhi ya waathirika walihamishiwa Mabwepande. Jangwani, sehemu ya bonde hilo, ni jirani kabisa na Kariakoo. Ndiyo sababu usharika wetu mmoja wa mjini ulianza kujaribu kipimo cha kina cha maji kinachotuma taarifa kwa redio, ili watu waonywe mapema.

Tatizo likawa kwamba taarifa nyingi hazikufika. Kamati ikapendekeza kununua mtambo wa kuongeza nguvu ya kutuma. Sisi wa ofisi ya miradi tuliomba jambo moja: tupime kwanza, ndipo tununue.

Redio hii ni ya namna gani?

Redio ya kawaida huchagua na kusafisha mawimbi kwa vipuri vilivyounganishwa ndani yake. Redio tunayoizungumzia huyageuza mawimbi kuwa namba, na kazi iliyobaki hufanywa na programu ndani ya kompyuta. Programu huria iitwayo GNU Radio imekuwepo tangu 2001. Toka 2012 vifaa vidogo vya USB, vilivyotengenezwa kwa ajili ya kupokea televisheni, vimetumika pia kwa kazi hii kwa gharama ndogo.

Taarifa hutumwa kwa vipande viitwavyo pakiti. Kila pakiti hubeba namba ya mfululizo, na mwishoni huwa na namba ya uthibitisho. Mfululizo ukiruka kutoka 41 hadi 43, pakiti ya 42 imepotea. Uthibitisho usipolingana, pakiti imefika ikiwa imeharibika. Mambo haya mawili yasichanganywe. Pakiti zinazofika zimeharibika mara nyingi huashiria kelele au mawimbi dhaifu. Zisizoonekana kabisa hututaka tuitazame pia kompyuta na masafa.

Hatua ya kwanza: mezani

Wekeni redio zote mbili juu ya meza moja, mziunganishe kwa waya kupitia kipunguza nguvu. Msiziunganishe moja kwa moja, kwani inayopokea inaweza kuungua. Tumeni pakiti 200 na kuhesabu zilizofika. Zikipotea hapo mezani, kosa haliko angani wala kwenye maghorofa, na antena mpya haitasaidia.

Kwetu zilipotea hapo hapo mezani.

Hatua ya pili: kompyuta

Kifaa kinachochukua vipimo milioni 2.4 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa na baiti mbili, huipa kompyuta baiti milioni 4.8 kila sekunde. Kompyuta ikilemewa, sehemu ya namba hizo hutupwa, na pakiti iliyokuwa humo hutoweka nazo. Baadhi ya programu huandika herufi O kwenye skrini jambo hilo linapotokea.

Kompyuta yetu ilikuwa ile ile ya kuchapia matangazo ya ibada. Tulifunga programu nyingine, tukakichomeka kifaa moja kwa moja kwenye kompyuta badala ya kupitia kigawanyio cha USB, na tukapunguza idadi ya vipimo kwa sekunde. Pakiti zikafika mezani bila kupotea. Hatukutumia hata shilingi moja.

Hatua ya tatu: masafa

Tuliporudisha redio mahali pake, asubuhi zilifanya kazi, lakini adhuhuri pakiti zikapotea tena. Kila redio hutegemea kristali inayohesabu muda, na joto huibadilisha. Chukueni mfano wa megahezi 434: kosa la sehemu 20 kwa milioni husogeza masafa kwa kilohezi karibu 9. Redio mbili zikikosea kwa kuelekea pande tofauti, tofauti hufikia kilohezi 17. Kama programu imewekwa isikilize upana wa kilohezi 10 tu, mawimbi yatapita pembeni yake. Kifaa chetu kilikuwa chini ya bati. Tulikihamishia kivulini na kuongeza kidogo upana wa kusikiliza.

Hatua ya nne: kelele na majengo

Kariakoo ina minara ya simu, jenereta, chaja na taa za madukani, na vyote hivyo vinaweza kuleta kelele. Pimeni Jumapili asubuhi wakati maduka mengi yamefungwa, kisha mpime tena siku ya kazi. Mkiona tofauti kubwa, punguzeni kwanza ukuzaji kwenye redio inayopokea. Ukizidi, mnara wa jirani huizidi nguvu redio hiyo, nayo isisikie sauti ndogo mnayoitafuta.

Maghorofa nayo huakisi mawimbi, na mwangwi huweza kufuta sauti ya kwanza. Katika megahezi 434 urefu wa wimbi ni sentimita 69 hivi, kwa hiyo kusogeza antena sentimita 20 au 30 tu kunaweza kubadilisha hali. Jaribuni sehemu kadhaa kabla ya kukaza skrubu.

Je, nguvu zaidi ingesaidia?

Mahali pa wazi, kuongeza nguvu mara nne huongeza umbali mara mbili tu. Isingeiponya kompyuta iliyolemewa, na ingewasumbua majirani. Tena masafa na nguvu ya kutuma husimamiwa na TCRA, na ni wajibu wetu kuwauliza kabla ya kuwasha mtambo.

Ukimya usichukuliwe kuwa usalama

Hata baada ya marekebisho, baadhi ya pakiti bado hupotea, na mvua kubwa ndiyo siku mtambo unapoweza kuzimika. Kwa hiyo kila taarifa sasa hutumwa mara tatu. Zaidi ya hayo, tumekubaliana kwamba redio ikinyamaza kwa nusu saa wakati wa mvua, mzee wa zamu atapiga simu kwa mjumbe wa mtaa wa karibu na mto. Mama anayelala na watoto bondeni hawezi kujua kama ukimya wetu maana yake ni maji kupungua au waya kukatika.

Kwa wafadhili wetu: fedha iliyokusudiwa kununua mtambo bado ipo, na tunapendekeza itumike kununua betri na kuwafundisha vijana wawili kupima kila mwezi. Kwa kamati za sharika: mkumbukeni mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka, aliyepaswa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Sharika zenye redio kama hizi zituletee daftari la hesabu za pakiti, zilizotumwa na zilizofika, kabla ya kuleta ombi la vifaa.

Mungu awabariki.